Unampigia Nani Kwanza

Kama kuna mtu mjini Moshi aliyejua kupanga watu kwenye visanduku, basi ni Doris. Mabosi wa kampuni yao ya pembejeo, ghorofani pale karibu na mnara wa saa, walikuwa na ugonjwa wa kubadilishana vyeo kila msimu, na kila walipobadilishana kazi ilimwangukia yeye. "Doris, tuwekee muundo mpya kwenye slaidi." Naye angezunguka meza kwa meza na swali lake lile lile, wewe unaripoti kwa nani, halafu arudi kwenye kompyuta yake, aandike majina kwenye orodha ya pembeni, bosi kwanza, wa chini yake amfuate, agonge kitufe cha Tab kumsogeza ndani, na programu yenyewe ichore visanduku na kuvuta mistari. Ukiwa na majibu ya kweli, alizoea kusema, mchoro unajichora. Aliipenda kazi hiyo na wala hakuona haya kuipenda. Wengine wanapenda kufuma vitambaa, wengine wanapenda kwaya. Yeye alipenda kuona mistari imenyooka.

Sifa hizo zikafika Dar es Salaam, kwa Baba mdogo Jesse.

Huyu Jesse ndiye mdogo wa mwisho wa baba yake Doris. Ni meneja, mtu wa mikutano, mtu ambaye hata harusi ya binti yake aliipangia ajenda. Ukoo ulimchagua mwenyekiti kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na hamu. Na kwa kuwa kwa desturi ya Wachagga mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi, kihamba cha marehemu Babu Eliezeri kule Masama kilikuwa chake: nyumba, migomba, kahawa, zizi na kila kitu mpaka uzio wa masale.

Lakini aliyekaa pale hakuwa Jesse. Aliyekaa pale ni dada yake, Shangazi Ndelilio. Zamani aliolewa Tarakea, akarudi, na sababu hakumwambia mtu. Waliojaribu kumdadisi walipewa kikombe cha maziwa na kuonyeshwa njia. Aliwauguza wazazi wake wote wawili mpaka akawazika, akabaki na ng'ombe. Doris mwenyewe alilelewa pale miaka yote ya shule ya msingi, maana mama yake alikuwa mwalimu wa kuhamishwahamishwa. Alichojua kuhusu kuamka mapema, kumenya ndizi bila kujipaka utomvu, na kunyamaza pale panapofaa kunyamaza, alikijua kwa Shangazi.

Mwezi wa kumi na moja Jesse akapiga simu.

"Doris, Krismasi hii ukoo mzima tunakutana nyumbani. Nataka muundo wa ukoo kwenye slaidi. Kitu cha kisasa, mwanangu. Mwenyekiti juu, katibu, mweka hazina, halafu familia moja moja. Na pembeni niwekee kisanduku cha Msimamizi wa Kihamba."

"Shangazi," alisema Doris, akiandika.

"Hapana, si Dada. Nimepata kijana amesomea kilimo, tutamwajiri, atahamia pale. Dada amechoka. Umri ule bado anabeba majani ya ng'ombe kichwani. Nimemtafutia chumba kizuri hapo mjini, si mbali na kwako, apumzike."

"Ameshaambiwa?"

"Ataona kwenye slaidi."

Doris aliacha kuandika. Alikasirika, kwa kweli, na chini ya hasira kulikuwa na huzuni, kwa sababu Jesse hakuwa mtu mbaya. Alimpenda dada yake na alidhani anamfanyia hisani. Lakini baba mdogo habishiwi kwenye simu. Doris akasema sawa, baba, akakata, akaukodolea macho ule mstari alioandika, *Msimamizi wa Kihamba, ataajiriwa*.

Basi akaanza kazi kama alivyozoea, kwa kuuliza. Akampigia baba yake, mzee Aminieli, kifungua mimba wa Babu Eliezeri, mwenye kihamba chake hukohuko Masama, chini ya barabara.

"Baba, shikamoo. Kwenye mambo ya ukoo, wewe unaripoti kwa nani?"

"Marahaba. Naripoti kwa Mungu," alisema Aminieli.

Binamu yake Fredy, aliyeko Arusha, alisema anaripoti kwa mke wake lakini asiandike. Rachel, dada yake Fredy, aliuliza kwani amekosa nini mpaka aripoti. Ndugu wa mbali na mabinamu wa karibu wakarudi kwa Mungu, kila mmoja kwa sauti ya kuonyesha kwamba jibu lingine lingekuwa dhambi. Doris akaingiza yote kwenye programu, na programu, ambayo haina utani, ikamweka Mungu juu na chini yake ikautandaza ukoo mzima kwenye mstari mmoja mrefu, kama watoto wanaosubiri kipaimara. Alicheka peke yake mpaka mhasibu akachungulia.

Swali la ofisini limegoma, akajiambia. Huku juu mlimani hakuna anayekubali kwamba yuko chini ya mtu. Akakuna kichwa siku nzima, jioni akiwa anachagua nyanya sokoni likamjia swali jingine. Akaanza upya kuwapigia.

"Ukiwa na jambo la nyumbani, lolote lile, unampigia nani kwanza?"

Safari hii hakuna aliyemtaja Mungu. Fredy alisema anampigia Rachel, maana Rachel anajua kunyamaza. Rachel alisema anampigia Shangazi Ndelilio; mtoto wake alipougua degedege usiku alimpigia Shangazi kabla ya daktari. Aminieli alisema, "Simpigii mtu, napanda tu hapo kwa Ndelilio," Doris akasema hiyo nayo inahesabika. Na Jesse, alipoulizwa, hakufikiri hata kidogo.

"Nampigia Dada. Juzi hapa nimesahau siku ya kumbukumbu ya mzee, nani mwingine angenikumbusha? Uliza wengine, Doris, nina kikao."

Akabaki Shangazi mwenyewe. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Shangazi, shikamoo. Nina swali la mchoro wa ukoo. Wewe ukiwa na jambo, unampigia nani kwanza?"

"Mimi?"

Doris alisikia maziwa yakichuruzika kwenye ndoo, halafu yakasimama, halafu yakaendelea.

"Nakamua. Nitakujibu," alisema Shangazi. Na hakumjibu.

Doris alipoweka majina yote mahali pake, siku za mwisho kabla ya ofisi kufungwa, mchoro ukajichora. Kisanduku cha juu kabisa kilisomeka Ndelilio. Chini yake Aminieli na Jesse bega kwa bega, na Rachel, na wengineo, kila mmoja na watu wake wanaoning'inia. Mwenyekiti wa ukoo alikuwa ngazi ya pili. Na pembeni, peke yake, bila mstari hata mmoja wa kumshika, kilikaa kisanduku cha yule msimamizi atakayeajiriwa, kwa kuwa hakuna aliyesema atampigia.

Alijua la kufanya kama anataka amani. Ilikuwa ni kugonga kitufe mara chache tu, Jesse apande, Shangazi afutike. Akautengeneza mchoro huo wa pili pia, wenye vyeo kama alivyoagizwa, ukapendeza, na mistari yake ilinyooka kuliko ule wa kwanza. Akaiweka yote miwili kwenye flashi moja, akapanda Masama.

Siku ya mkutano mlima ulikuwa umefunguka bila wingu tangu asubuhi. Magari ya namba za Dar yalijaa uwanjani chini ya migomba, mbuzi wameshachinjwa, pombe ya mbege imeletwa, watoto wanakimbizana na kuku. Doris alimkuta Shangazi jikoni akikoroga mtori kwenye sufuria kubwa, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Mjini hamli?"

Doris akachukua mwiko wa pili, wakakoroga pamoja. Hakujua aanzie wapi, na Shangazi akaona.

"Usijisumbue," alisema. "Yule kijana wa kilimo alikuja wiki iliyopita kuangalia zizi. Akaniuliza ng'ombe wangu wanaitwaje, akaandika majina yao kwenye simu. Kijana mzuri. Nikampa maziwa, akamaliza jagi."

"Na wewe umesemaje?"

"Niseme nini? Nyumba ni ya Jesse. Mimi ni mtu niliyerudi."

"Lakini unataka nini, Shangazi?"

Ndelilio alionja mtori, akaongeza chumvi. "Nataka kufia hapa, na isiwe kesho. Ila kuomba siombi. Sijawahi kumwomba mdogo wangu kitu, na sianzi leo mbele ya wakwe."

Doris alitoka jikoni. Akamfuata Jesse, aliyekuwa anasimamia televisheni ya sebuleni itolewe barazani na kuunganishwa na kompyuta.

"Baba mdogo, naomba uuone mchoro kabla ya watu. Kuna jambo."

"Umewauliza watu, kama unavyofanya kazini?"

"Nimewauliza wote. Hata wewe."

"Basi hofu ya nini? Mtaalamu ni wewe. Tutauona wote pamoja." Akageuka kumwelekeza mtu waya uingie wapi.

Doris alisimama na flashi mkononi. Ukiwa na majibu ya kweli; si ndivyo alivyozoea kusema? Akaichomeka, akafungua ule wa kwanza.

Ukoo ukatulia kwenye viti na magogo. Mchungaji jirani akaomba, Jesse akakaribisha kwa hotuba yenye vipengele, kisha akaashiria. Mchoro ukajaa kwenye kioo. Kwa muda watu wakawa wanasoma, midomo ikicheza, kila mmoja akijitafuta. Watoto walijiona kwanza, wakaonyeshana.

"Mbona mwenyekiti yuko chini?" aliuliza Rachel.

Jesse alikuwa ameshaona. Akatabasamu lile tabasamu la kikaoni. "Doris, hapa pamekosewa. Weka ule sahihi."

Doris hakuigusa kompyuta. "Baba mdogo, sikupanga mimi. Niliuliza kila mtu, ukiwa na jambo la nyumbani unampigia nani kwanza, nikaandika mlivyojibu. Naomba kila mtu ajitafute, afuate mstari wake. Kama kuna niliyemwandika vibaya aseme, nabadilisha sasa hivi."

Wakafuata. Fredy alisimama kabisa, akaweka kidole kwenye kioo, akapanda kutoka kwake kwenda kwa Rachel, kutoka kwa Rachel kwenda juu. "Mimi niko sawa," alisema, akakaa. Mwingine akasema yuko sawa. Mama mmoja alisema kwake pia ni sawa, ila jina lake liandikwe la ubatizo. Minong'ono ikazunguka baraza, na kila ilikopita vichwa vilitikisika kukubali.

"Na wewe Jesse," alisema Aminieli kutoka kwenye kiti chake cha uvivu, "ulijibu nini?"

Jesse aliitazama televisheni, akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa, akaitazama tena.

"Nilijibu Dada," alisema.

"Nilidhani labda ulimtaja Mungu," alisema Aminieli. "Mimi niliwahi."

Watu walicheka, na Jesse naye akacheka, kidogo kidogo, mpaka akaketi. Hakuwa mtu wa kununa, tuseme ukweli wake. Akanyoosha kidole pembeni ya kioo.

"Na huyu aliyejitenga ni nani?"

"Msimamizi wa Kihamba," alisema Doris. "Hakuna aliyesema atampigia."

Macho ya Jesse yalihama kutoka kwenye kioo yakaenda zizini, yakapita kwenye kahawa zilizopogolewa vizuri, yakarudi mlangoni mwa jikoni, alikosimama dada yake na mwiko mkononi, amekuja kuangalia kama watu wako tayari kula.

"Dada, umechoka au hujachoka?" alimuuliza mbele ya wote. "Sema kweli."

"Kubeba majani nimechoka," alisema Ndelilio. "Kukaa hapa sijachoka."

Jesse akainuka, akaja kwenye kompyuta, akamwomba Doris amwonyeshe. Doris akamwekea alama kwenye jina la mwisho la orodha, akamwonyesha kitufe cha Tab. Mwenyekiti akakigonga kwa kidole kimoja. Kisanduku cha msimamizi kikaruka kutoka kule pembeni, kikaingia chini ya Ndelilio, mstari ukakishika.

"Kijana atakuja kukata majani na kubeba," alisema Jesse. "Atalala kwao. Ataripoti kwa Dada. Dada akimfukuza, amefukuzwa. Katibu andika."

Hapo Doris alifurahi mpaka akaona haya, akainamia kompyuta asionekane. Angetamani mkutano ufungwe palepale na mtori upakuliwe. Lakini Shangazi alikuwa bado hajaondoka mlangoni. Alikuwa anausoma mchoro, polepole.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe uko juu, Shangazi," alisema Rachel. "Juu kabisa."

"Naona niko juu, macho ninayo. Naona mistari yote inakuja kwangu. Nauliza wa kutoka kwangu. Unakwenda kwa nani?"

Doris alikumbuka maziwa yaliyosimama kwenye ndoo, na akaona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani. Alisubiri jibu la Shangazi wiki zile zote kama mtu anayesubiri jina lililopungua, na kumbe jibu alishapewa siku ileile. Wote pale walimpigia mwanamke huyu wakiwa na jambo. Aliyewahi kupiga kuuliza yeye ana jambo gani, hakuwepo, na Doris hakuweza kujitoa kwenye hesabu hiyo. Aminieli aliangalia fimbo yake. Fredy aliangalia viatu.

"Nipigie mimi, Dada," alisema Jesse mwishowe, kwa sauti ambayo haikuwa ya kikaoni.

"Wewe simu yako anapokea katibu wako. Mara ya mwisho aliniuliza natoka kampuni gani." Ndelilio akaupiga mwiko kwenye kiganja. "Haya, mtori unapoa. Njooni mle."

Wakala, na walikula vizuri. Jesse mwenyewe alimpelekea dada yake sahani, kwa mikono miwili, na kabla ya jua kuzama alikuwa amekaa naye jikoni kwenye kigoda kifupi, magoti yakigusa kidevu, akimsaidia kuhesabu vikombe na kukosea. Doris aliwaacha. Alirudi mjini na mafungu ya ndizi na chupa ya maziwa, na moyo mwepesi wenye kokoto moja ndani.

Mwezi wa kwanza mabosi walikuwa wamebadilishana vyeo tena. Doris alikuwa katikati ya visanduku vyao, mkurugenzi amesimama nyuma ya kiti chake akiagiza, simu ilipoita. Alipoona jina alishtuka, maana jina hilo halikuwa limewahi kumpigia saa za kazi. Akaomba radhi, akasogea dirishani.

"Shangazi, shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna kitu."

"Ng'ombe wazima?"

"Wazima. Kijana amekuja, amekata majani, amekwenda. Mvua imenyesha." Akanyamaza. Doris naye akanyamaza, kama alivyofundishwa. "Mgongo unaniuma, Doris. Tangu Jumapili. Naamka nao, nalala nao."

Katika miaka yote aliyolelewa na mwanamke huyo, Doris hakuwahi kumsikia akisema anaumwa. Alisimama pale akiitazama barabara na hakuiona.

"Nakuja Jumamosi, tunakwenda hospitali wote. Niambie, unauma wapi hasa?"

"Una kazi hapo, nasikia watu."

"Wananisubiri. Niambie."

Shangazi akaanza kueleza, taratibu, na alipomaliza mgongo akaingia kwenye goti, na kutoka kwenye goti akafika kwenye ndama aliyekataa kunyonya na usiku anaokosa usingizi akimkumbuka mama yake. Doris alirudi kwenye meza yake simu ikiwa sikioni, akamwonyesha mkurugenzi kwa mkono kwamba bado, akafungua mchoro wa ukoo. Programu haina namna ya kumpandisha mtu juu ya wa juu kabisa na hapo hapo kumwacha chini. Akachukua kalamu ya kuchorea ya kwenye programu, akavuta mstari kwa mkono kutoka kwenye kisanduku cha Ndelilio, ukashuka ukikatiza mistari ya watu wengine yote, mpaka kwenye kisanduku kidogo cha chini kulia kilichoandikwa Doris. Mstari ulipinda vibaya. Akauacha ulivyo.

"Unaandika nini?" aliuliza Shangazi. "Nasikia unagonga."

"Lile jibu lako."

"Haya," alisema Shangazi. "Sasa hilo goti, ngoja nikwambie."